Sura ya Tano: Viazi vya Kwenye Balkoni

Chipsi zilitoka nyeusi.

Axel, mkuu wa maabara, alizimwaga kwenye karatasi ya jikoni akazitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Inspekta Leokadia hakungoja kukaribishwa. Aliokota moja, akaipuliza, akaitia mdomoni. Tangu asubuhi tumboni mwake mlikuwa na kikombe kimoja tu cha kahawa, na mwenye njaa hana adabu. Chipsi ilikuwa tamu, tamu ya sukari kabisa, kisha uchungu wa kuungua ukafuata.

"Hiki ni kiazi au peremende?" aliuliza kwa Kiswidi.

"Ndivyo kiazi cha kawaida kinavyokuwa kikikaa kwenye baridi," alisema Axel. "Wanga wake unageuka sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto inaungua. Huku kwetu tunavuna mara moja kwa mwaka, mwezi wa tisa, halafu viazi vinalala kwenye baridi mpaka kiangazi kirudi. Bila baridi vinachipua. Ukiviweka kwenye baridi, unapata hizi."

Alinyoosha kidole ukutani. Palikuwa na picha kubwa ya sahani ya chipsi za rangi ya dhahabu, na chini yake maandishi: Namba Tisa. Hicho ndicho kiazi kilichofanya Leokadia apande treni mpaka Kista siku hiyo yenye theluji iliyooza barabarani. Kampuni ndogo ya Rotlund ilikuwa imekodi ghorofa mbili katikati ya maofisi ya kompyuta, na humo watu walikuwa wamezalisha kiazi kinacholala kwenye baridi miezi yote hiyo na kuamka vilevile. Walichagua mche mmoja katika maelfu kwa kusoma vinasaba vyake. Miche ya akiba iliyokuwa kwenye chupa iliingiwa na ukungu ikafa yote, wakabaki na kreti moja ya viazi kwenye chumba cha baridi. Na Ijumaa iliyopita, jioni, mtu aliingia akaibeba kreti nzima.

Viazi vilivyokaangwa asubuhi hiyo vilitoka kwenye stoo ya mtafiti mmoja aitwaye Mugambi, kule Märsta. Walinzi wa kampuni walivikuta wakashangilia, wakadhani kesi imekwisha.

"Kwa hiyo hivi sivyo," alisema Leokadia.

"Sivyo. Lakini haimsafishi. Kadi yake ndiyo iliyofungua chumba cha baridi. Hivi aliviweka pale kutuzuga, vyenyewe kavificha kwingine." Axel alifuta mikono. "Bodi inakaa saa kumi. Kama viazi havijaonekana, anaachishwa kazi leo hii."

"Na kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye kazi hii."

"Hilo ni la watu wa uhamiaji. Si letu."

Si letu! Leokadia alikuwa amelisikia neno hilo katika ofisi nyingi za mji huu, na kila mara lilimpandisha mori.  Alifuta vidole akaenda chumba cha pili.

Mugambi alikuwa amesimama dirishani, mtu mrefu wa Meru, kofia ya sufi ikizunguka mikononi mwake bila kupumzika. Alipomwona mpelelezi ni mwanamke wa kwao Afrika Mashariki, mabega yalimshuka kidogo.

"Madam, hizo waru nilinunua za kupanda," alianza kabla hajaulizwa. "Kwa ile shamba ndogo ya mji, tumeandikiwa mwaka huu. Bibi yangu Milcah anataka tupande. Sasa wanasema nimeiba."

"Hivyo viazi vimetoka vyeusi. Havina kesi tena. Keti."

Hakuketi. Leokadia naye hakuketi. Jiwe dogo la ile kokoto wanayomwaga barabarani wakati wa barafu lilikuwa limeingia kiatuni mwake tangu kituoni, na kila akitaka kulitoa simu inalia.

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumba. Milcah ndiyo ametoka hosi na mtoto. Nilitoka hapa mapema, sikurudi."

"Kadi yako ilirudi."

"Kadi huwa naiacha kwa mfuko ya koti ya kazi, hapo kwa korido. Hapo kila mtu anapita."

"Na namba ya siri? Mlango haufunguki kwa kadi peke yake. Nayo unaiacha kwenye koti?"

Kofia ikasimama.

"Namba iko kwa kichwa yangu."

"Na kwa kichwa cha nani mwingine?"

"Yangu peke yake, madam."

Leokadia alimwangalia. Miaka yake katika polisi ilikuwa imemfundisha kitu kimoja kuhusu uongo: mwenye kosa akidanganya anajificha mwenyewe, na asiye na kosa akidanganya anamficha mtu. Huyu jasho lilikuwa linamtoka na dirisha lina barafu.

"Mugambi, ndugu yangu, nisikilize. Saa kumi wanakutoa. Mwanao hata arobaini hajamaliza. Unataka kumpakia kwenye ndege arudi Meru na jina la baba mwizi? Nani anaijua namba yako?"

"Hakuna mtu. Mungu ndiye shahidi."

"Mungu hakualikwa kwenye kikao cha bodi."

Alimwuliza mara ya tatu, jibu likawa lilelile, na sauti ikazidi kufifia. Leokadia akaachana naye. Palikuwa na mtu mmoja tu aliyedai kumwona Mugambi Ijumaa ile akitoka na mfuko mzito: Humphrey, Mtanzania wa Mbeya, msoma vinasaba wa ghorofa ya juu. Kadi ya Humphrey haikufungua chumba cha baridi. Leo alikuwa na likizo, na kwenye simu alisema karibu nyumbani, Rågsved, muda wowote. Shahidi aliyeona peke yake Leokadia alipenda kumsikiliza akiwa kwake, ameketi, hana pa kukimbilia.

Kutoka Kista mpaka Rågsved ni kuukata mji mzima. Treni ya buluu ilienda vizuri. Ya kijani ikakwama kwenye daraja kabla ya kituo cha Gullmarsplan, ikakaa, dereva akaomba radhi, ikakaa tena. Leokadia alisimama mlangoni ijapokuwa viti vilikuwa vitupu. Alimtumia Axel ujumbe: Ahirisha. Axel akajibu: Siwezi.

Aliyefungua mlango alikuwa mkewe Humphrey, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kitenge na uso wa kucheka.

"Shikamoo dada! Wewe ndiye wa polisi? Karibu, karibu ndani. Mimi Queen. Baba Michelle katoka mjini mara moja, yuko njiani anarudi. Viatu hapo tu."

"Marahaba, mdogo wangu." Hatimaye Leokadia alikivua kiatu, na kokoto ikadondoka kwenye zulia. "Nitamsubiri dakika chache tu."

"Dakika chache! Polisi wa Kihaya na dakika chache! Nimekusikia kwa hiyo lafudhi, usinifiche. Utakula nini?"

"Sili, dada. Niko kazini."

"Kwani walio kazini hawali?"

"Kwa kweli nimeshiba."

Tumbo lake likanguruma papo hapo, likamwaibisha. Queen akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umeshiba njaa! Mgeni njoo, mwenyeji apone, hata mimi mwenyewe sijala. Nimetoka zamu ya usiku kwa wazee. Pana mkate hapa, lakini nikupe mkate mkavu, kesho useme umefika kwa Queen ukala kama mgonjwa? Nakukaangia chipsi mayai."

Kanuni ya polisi inasema shahidi usile kwake. Kanuni hiyo iliandikwa na watu ambao hawajawahi kukataa chakula mara mbili katika nyumba ya Mtanzania. Leokadia alijua kabisa kwamba akikataa mara ya tatu hatapata neno lingine la maana humu ndani, basi akanyamaza, na kunyamaza kukahesabiwa kuwa kukubali.

Alisimama sebuleni. Ukutani palikuwa na picha ya harusi. Bwana harusi alikuwa Mugambi, na aliyesimama kuliani kwake, ua kifuani, alikuwa mtu mfupi mwenye tabasamu pana.

"Huyu ni Baba Michelle?" aliita.

"Ndiye! Alikuwa msimamizi wao," Queen alijibu kutoka jikoni, juu ya mlio wa sufuria. "Mugambi ni ndugu, dada. Hii habari imetuumiza, we acha tu. Humphrey hapati usingizi. Juzi tu Milcah amejifungua kwa shida, Mugambi kalala hospitali, nani kamshikia kazi? Humphrey. Mugambi alimwachia mpaka kadi yake ya mlangoni na namba zake, akaangalie viazi visiharibike. Hiyo ndiyo imani."

Leokadia aliushika ukingo wa kiti. Hiyo hapo namba, na kichwa cha pili kilichokuwa nayo. Mugambi alikuwa anamficha msimamizi wake, na msimamizi wake ndiye aliyekwenda kusema amemwona na mfuko. 

"Na leo mjini kaenda kufanya nini?" aliuliza, akiilazimisha sauti itulie.

"Kuonana na watu wa kazi mpya, wa huko juu Umeå. Huku mkataba unaisha mwezi wa tano. Mungu akipenda tutahama."

Mlango wa balkoni ulifunguliwa, baridi ikapita miguuni. Balkoni yenyewe ilikuwa imezibwa kwa vioo, kama nyingi za huku, na watu huweka humo soda za sherehe na nyama ya Krismasi. Queen alirudi amebeba viazi kwenye upindo wa gauni, akawa anajisemesha.

"Vya ndani vimeisha. Nachukua hivi vitatu vinne vya Baba Michelle, ni vya mbegu, vya bustani yetu ardhi ikilainika. Kanikataza nisiguse. Lakini mwanamume anajua nini cha jikoni?"

Simu ya Leokadia ikalia wakati uleule. Axel alisema watu wa bodi wameanza kuingia. Leokadia alimwambia ana jambo, asubiri. Axel akauliza jambo gani. Hakuwa na la kumwonyesha bado. Maneno ya mke sebuleni si ushahidi, na Humphrey angeweza kusema alirudisha kadi na namba akaisahau. Alikata simu akiwa na kitu kinamkwaruza akilini. Viazi vya mbegu. Kanikataza nisiguse.

Alifika jikoni mafuta yakiwa yamechemka na viazi vimeshazama.

"Usinicheke zikitoka nyeusi, dada," alisema Queen, akikoroga. "Viazi vikipigwa na baridi ya huku vinakuwa vitamu kama viazi vitamu, ukikaanga vinaungua. Mwaka wa kwanza nililia, nikadhani nimesahau kupika. Tutazificha na mayai."

 Leokadia alisimama mbele ya karai, mikono kifuani, akatazama. Mapovu yalipanda, yakapungua. Vipande vikaanza kuelea. Alitamani viwe vyeusi. Kwa ajili ya huyu mama mwenye kilemba, alitamani kwa moyo wote viwe vyeusi kama mkaa, ale, ashukuru, aondoke.

Queen alizamisha kijiko chake cha matundu, akainua.

"He! Makubwa! Dada, hebu ona!"

Zilikuwa za rangi ya dhahabu. Zote, mpaka nchani, kama ile picha ya ukutani Kista.

"Leo zimekubali! Basi hizi sizifichi na mayai, uzile hivihivi." Queen alinyunyiza chumvi akamsogezea sahani. "Onja."

Leokadia alionja. Hapakuwa na sukari hata chembe. Palikuwa na unga na chumvi na moto, chipsi nzuri kuliko zote alizowahi kula katika nchi hii, na alijua anachotafuna. 

"Queen," alisema, "hivi viazi vimekuja lini humu ndani?"

"Ijumaa. Alivileta usiku, kachelewa kweli. Kwani vipi?"

"Maganda usiyatupe."

"Maganda?" Queen aliuangalia mfuko wa karatasi wa mabaki chini ya sinki. "Una mbuzi?"

Leokadia hakuweza kucheka; vinasaba vya Namba Tisa vilikuwa kwenye maganda hayo. Alivuka mpaka kwenye balkoni. Nyuma ya kreti ya soda palikuwa na mfuko mweusi, mdomo umekunjwa vizuri, na ndani viazi vimefunikwa gazeti visipigwe na mwanga, kama vinavyotunzwa na mtu anayejua kutunza. Alikuwa bado ameinama alipousikia ufunguo mlangoni.

Humphrey aliingia akivuta pumzi, uso umejaa baridi, kola ya shati la usaili shingoni.

"Samahani sana Inspekta, treni... " Akaiona sahani.

 Leokadia alisimama katika mlango wa balkoni akingojea uongo. Alikuwa ameshauandalia maswali. Lakini Humphrey hakumwangalia yeye. Aliendea meza na koti mwilini, akachukua chipsi moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku, akaivunja katikati akachungulia ndani.

"Tangu mwezi wa tisa," alisema taratibu. "Tangu mwezi wa tisa kwenye baridi, na angalia rangi."

Akaitia mdomoni. Macho yakamlenga machozi.

"Haina sukari. Haina kabisa! Mama Michelle, umeionja? Mimi ndiye niliyeusoma mche huu. Katika maelfu, mimi ndiye niliyesema huu hapa. Mwaka jana walipokaanga zile za picha hawakuniita, nilisikia harufu tu ghorofani. Sijawahi... " Akasimama hapohapo, mkono mdomoni. Ndipo alipomwangalia Leokadia.

"Mugambi hakukutaja," alisema Leokadia.

Humphrey alivuta kiti akaketi kwa uzito.

"Nimemwuliza mara tatu nani anaijua namba yake. Mara tatu kasema iko kwenye kichwa chake peke yake. Na wewe ukaenda kusema umemwona na mfuko."

"Umeå walitaka niende na kitu mkononi," alisema Humphrey, na sauti haikuwa na nguvu. "Mkataba ukiisha sisi nasi tunarudishwa. Michelle hajui hata kuandika jina lake ila kwa Kiswidi. Nilidhani watavitafuta siku mbili wachoke. Kadi ilipoonekana ni yake, wakaniuliza, nikaogopa. Nikasema nimemwona. Nikishasema, nitarudije nyuma?"

"Kwa mdomo uleule," alisema Leokadia. Alikuwa ameshapiga simu. "Axel? Viazi ninavyo, na si Mugambi. Simamisha kikao. Hapana, sasa hivi, sikati simu, nakusikia. Mwambie na Mugambi, mwambie mwenyewe, na kwa adabu."

Alisubiri. Alisikia viti vikiburutwa, Kiswidi cha haraka, mlango, na mbali kidogo sauti ya mtu mrefu ikiuliza kitu kwa Kiingereza, kisha ikakatika. Alikata simu. Saa ya jiko ilikuwa bado haijafika kumi.

Queen alikuwa amesimama kwenye jiko muda wote huo, kijiko cha matundu mkononi, akimwangalia huyu, akimwangalia yule.  Pengine alikuwa ameshaelewa na hakutaka kuelewa, na mikono yake ikatafuta cha kufanya. Alizima moto. Alivuta karatasi ya foili, akazikusanya chipsi zilizobaki, akazifunga vizuri kwa kona nne, akamnyooshea Leokadia.

"Chukua za njiani, dada. Hujashiba."

Leokadia alikuwa ameshautoa mfuko wa plastiki wa kuwekea vielelezo, akaufungua mdomo. Mkono wa Queen ulibaki hewani, juu ya yale maandishi ya polisi.

"Mpe," alisema Humphrey, bila kuinua kichwa. "Mpe na vya kwenye balkoni."

Foili ikaingia mfukoni, bado ya moto. Leokadia aliufunga, akaandika tarehe juu yake. Queen aliuchukua ule mkate uliokuwa kando ya jiko, akaurudisha kabatini, akakaa ameshika mlango wa kabati.

"Ningejua," alisema, "ningekupa mkate."